Mapepo Tuliyoyatafuta Mchana

Kuna msichana mmoja wa Mwala ambaye nusura akose kuolewa kwa sababu yangu, na wala sikuwahi kumtongoza. Sikuwa hata nimemsalimia. Kosa langu ni kwamba niliingia sebuleni kwa mama yake, nikaketi kwenye kochi lake, kisha nikapiga mayowe mbele ya kamera nikisema nimeguswa shingoni na kitu baridi. Mayowe yale yalisikika Machakos nzima na nusu ya Kitui, na niliambiwa kwamba huko Makueni kuna ng'ombe walikataa kukamuliwa siku mbili. Hilo la ng'ombe sikulihakikisha. La msichana nililishuhudia mwenyewe, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha runinga cha kuchunguza nyumba zenye mapepo. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja na nusu mjini Machakos, juu ya duka la ndoo na mabeseni, na kilikuwa na wafanyakazi watatu. Wa kwanza ni mama mmoja tuliyemwita Bosi, aliyekuwa amepiga video za harusi tangu enzi za kanda. Wa pili ni mpiga kamera wake, kijana mrefu aliyezoea harusi kiasi kwamba hangeweza kupiga picha ya mlango bila kungoja bibi harusi atoke. Wa tatu ni mimi. Bosi alinitoa sokoni, kwenye gari la matangazo, nilikokuwa nikiuza dawa ya panya, mende na kunguni kwa kipaza sauti. Alisimama akanisikiliza dakika tano, akasema, "Wewe unatisha panya. Unaweza kutisha watu?"

Nikamwambia kwamba watu ni rahisi zaidi, kwa maana panya hawanunui runinga.

Kulikuwa na shida moja. Kipindi cha mapepo kinataka usiku, na mimi usiku sikuwa nao. Kila Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, nilikuwa darasani. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, na sasa, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, mke mmoja na watoto watatu, nilikuwa kidato cha tatu katika masomo ya jioni ambayo watu wetu huyaita ngumbaru na kuyacheka. Tulisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Magoti yangu yalifika masikioni. Mke wangu alijua, Bosi na mpiga kamera walijua, na zaidi ya hao na wenzangu wa darasani hakuna aliyejua. Majirani wakiniona natoka jioni na mkoba, walidhani nimebeba vifaa vya kuwindia mapepo. Ndani ya mkoba mlikuwa na rula, bikari na daftari la hesabu.

Wikendi nayo Bosi na mpiga kamera walikuwa na harusi. Basi tukapatana hivi: tutayatafuta mapepo mchana, baada ya chakula. Tulinunua mablanketi mazito kumi na mawili, yale ya rangi ya kijivu, tukawa tunayapigilia misumari madirishani na milangoni mpaka nyumba inakuwa giza la kaburi. Mpiga kamera anabonyeza kitu fulani, picha inakuwa ya kijani, na chini ya runinga Bosi anaandika kwa herufi nyekundu: USIKU WA MANANE. Mambo yamekwisha.

Ndani ya blanketi, saa nane mchana, chini ya mabati ya Ukambani, joto lilikuwa la kuoka mkate. Nilitoka jasho kama bomba lililopasuka. Watazamaji walilisifu sana jasho lile. "Huyo mtu anaogopa kikweli," walisema. Jogoo akiwika huko nje, nilinong'ona kwamba jogoo anayewika usiku wa manane ameona jambo. Siku moja watoto wa shule jirani walitoka mapumziko katikati ya kurekodi, mamia yao, wakipiga kelele za mpira. Bosi hakuikata sauti ile. Alinifanya niseme kwamba tunasikia watoto wa zamani wakicheza. Barua zilikuja kwa wiki tatu. Mama mmoja aliandika kwamba ameitambua sauti ya mjomba wake.

Tulikuwa watu wa kupendwa, jamani. Nilipopita stendi, makondakta walikuwa wakinipisha.

Nyumba ya Mwala tuliipata kwa haraka. Tulikuwa na miadi ya nyumba nyingine kule Masinga, lakini mwenyewe alibadilisha nia tukiwa tayari tumebeba mablanketi. Mpiga kamera akakumbuka mama mmoja wa Mwala ambaye kwaya yake aliwahi kuirekodi. Akampigia simu.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama yangu kwa heshima ya Kikamba, "tunaweza kuja kuonyesha nyumba yako kwa TV?"

"Nyumba yangu? Iko na nini ya kuonyesha?"

"Ni nzuri."

"Hiyo ni kweli," akasema mama.

Tulipofika tulimkuta amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa kichwani, viatu vimepakwa rangi. Alikuwa amefagia uwanja mpaka mchanga ukabaki na mistari ya ufagio. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda huko Mavoko, alikuwa ameezeka nyumba upya kwa mshahara wake, mabati mekundu yanayong'aa mpaka ndege wakawa wanazunguka mbali. Mama alitaka dunia iyaone mabati yale. Tulimweleza kwamba kipindi chetu ni cha mapepo. Akacheka.

"Hapa hakuna kitu kama hicho. Lakini tafuteni. Mkikosa mtaniambia, mnywe chai."

Tulipigilia blanketi. Niliketi. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, na jua limesimama juu ya nyumba kama linadai kitu. Mabati mapya yakishikwa na jua la namna ile hutanuka na kulia. Ka! Kimya. Ka! ka! Kila mtu aliyekulia Ukambani anaujua mlio huo kama anavyoijua sauti ya mama yake. Hata mimi niliujua. Lakini pale gizani, kamera ikiwa imewaka, niliinua macho polepole, nikasema, "Kuna mtu anatembea juu yetu." Kisha nikapiga yale mayowe. Nilijipangusa uso kwa kitambaa cha kochi. Nilisema nyumba hii ina jambo ambalo halijaniachia nafasi ya kupumua, na hilo, kwa joto lile, lilikuwa kweli.

Mabati hayakuonyeshwa hata mara moja. Giza, unajua.

Kipindi kilitoka Alhamisi. Jumanne iliyofuata nilipanda ngazi za kituo nikamkuta mama yule ameketi kwenye kiti cha wageni, mkoba umekaa wima magotini, sare ile ile.

"Ni wewe ulilia kwa kiti yangu?" akaniuliza.

"Sikulia, Mama. Nilipiga nduru."

"Ulilia. Na ukajipangusa na kitambaa yangu. Ile ya maua ya zambarau. Niliishona miezi mbili, wewe ukaipaka kamasi na watu wote wakiona."

Bosi akatoka mbio. "Mama, karibu, karibu. Chai?"

"Chai niko nayo kwangu. Nimekuja kuuliza binti yangu ataolewa wapi."

Akatueleza. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mitaboni, na ntheo ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki ya nne kutoka siku ile. Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze: Ukambani, msichana anaweza kukaa na mume, akazaa mapacha mara mbili, na bado wazee wakasema hajaolewa mpaka ntheo ifike. Mbuzi watatu wanaletwa na upande wa kijana mpaka nyumbani kwao msichana, mmoja anachinjwa hapo, na pande zote mbili zinakula nyama hiyo pamoja hapo hapo. Huwezi kuifanyia hotelini wala kwa shangazi. Sasa wakwe wa Mitaboni walikuwa wameangalia kipindi. Baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuwa amepiga simu kusema hawawezi kula nyama katika nyumba yenye mapepo. Wako tayari kupeleka mbuzi kwa mjomba wa msichana mjini.

"Binti yangu azaliwe hapo," mama akasema, "alelewe hapo, halafu aolewe kwa nyumba ya mtu kama mpangaji?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" Bosi akauliza.

"Yeye amesema ile nyumba aliiezeka kwa pesa yake. Kama wao hawawezi kuiingia, na yeye hataingia kwao. Amesema hivyo kwa sauti kubwa. Halafu usiku analia akifikiri sisikii. Anampenda huyo kijana." Akatugeukia sote, mmoja mmoja. "Sasa, nyinyi watu wa TV. Rekebisheni."

Bosi ni mtu wa kufikiri haraka. Akasema tutarudi na mchungaji, tufanye kipindi cha pili, mapepo yatolewe hadharani, kila kitu kiwe safi.

Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetia chumvi kwenye chai. "Ukitoa pepo kwangu, umesema lilikuwako."

Mimi nilisoma mantiki baadaye kidogo, kutoka kwa vitabu vyenye kurasa nyingi, na sijakuta sentensi iliyonikata vizuri kuliko ile.

Wazo la pili la Bosi lilikuwa cheti. Alikiandika mwenyewe kwa kompyuta, herufi za kupinda kama za mialiko ya harusi: kwamba kituo chetu, baada ya uchunguzi wa kina, kinathibitisha kuwa nyumba iliyotajwa haina pepo, jini, zimwi wala chochote cha jamii hiyo. Mhuri pekee tuliokuwa nao ofisini ulikuwa umeandikwa IMEPOKELEWA. Akaupiga huo huo. Mimi na mpiga kamera tukatumwa Mitaboni.

Baba mkubwa wa kijana alikuwa karani wa ushirika wa kahawa kabla ya kustaafu, na alikipokea kile cheti kama vile angepokea gunia lenye mawe. Alivaa miwani. Alisoma mara mbili. Alikuwa ametupokea vizuri, chai ya maziwa na viazi vitamu, na mkewe na shemeji zake wawili wakiwa wameketi kando.

"Mimi sina ng'ombe," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee," nikasema, bila kujua tunaelekea wapi.

"Umewahi kuona mtu akiniletea cheti ya kukosa ng'ombe?"

Shemeji mmoja akacheka ndani ya kikombe.

"Kitu kama hakiko, hakiandikiwi karatasi," mzee akaendelea. "Sasa nikuulize, na usinijibu kama mtu wa TV, nijibu kama mtu. Hiyo kipindi nimeiangalia mara tatu. Ile kelele ya juu, ka! ka! ka!, mimi naijua. Ni mabati ikichomwa na jua. Mtoto wa nasari anaijua. Nilitaka kumwambia mke wangu, wacha hii mambo, ni mabati tu. Lakini hapo chini nyinyi mmeandika usiku wa manane. Jua ya usiku wa manane iko wapi? Kama si mabati, basi ni nani alikuwa juu ya nyumba?"

Hapo nikaona tulichofanya. Mapepo hatukuyaleta kwa mayowe yangu. Tuliyaleta kwa yale maandishi mekundu. Mzee yule, kwa akili yake timamu ya kukagua kahawa, alikuwa tayari kuokoa ndoa ile peke yake, na sisi tukamfungia mlango kwa maneno matatu.

Mpiga kamera alinikanyaga mguu chini ya meza. Maana yake ilikuwa: ukisema, kipindi kimekufa. Nami nilijua zaidi ya hapo. Nikisema ilikuwa mchana, mtu yeyote mwenye kichwa ataniuliza usiku huwa niko wapi. Nilikitazama kiazi kwenye sahani yangu kwa muda mrefu kuliko kiazi chochote kilivyowahi kutazamwa katika nchi hii.

"Mzee," nikasema, "ilikuwa mchana."

"Mchana?"

"Saa saba na nusu. Tunafunika madirisha kwa blanketi. Vipindi vyote. Hatujawahi kurekodi usiku hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu usiku niko shule."

"Unafundisha?"

"Nasoma. Kidato cha tatu."

Ilikuwa kama nimewaambia natoka mwezini. Mke wa mzee aliweka birika chini. Mzee akavua miwani, akasema hawezi kukubali jambo kubwa hivyo kwa mdomo mtupu. Akaomba nambari ya mwalimu wangu. Nikampa. Akapiga, akaweka kwenye spika, simu katikati ya viazi.

"Haloo, mwalimu. Niko Mitaboni. Niko na mtu hapa anasema ni mwanafunzi wako. Ni yule wa mapepo, wa TV."

Mwalimu akajibu: "Mwenye sauti kubwa? Ndiyo, huyo ni wangu. Hebu mwambie bado nangoja ile kazi ya pembetatu. Ni wiki ya pili sasa."

"Tutamwambia. Mwalimu, usiku huwa wapi?"

"Hapa. Dawati la mbele. Nikimweka nyuma analala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu si manane," mzee akasema, karani kamili. "Anaweza kutoka hapo aende kutafuta mapepo."

Mwalimu akaanza kucheka, na alipocheka nilijua nimekwisha. "Huyo? Mzee wangu, saa tatu na dakika moja mke wake yuko langoni na tochi, amekuja kumchukua. Huyo wa mapepo anaogopa kupita pale kwa miti peke yake. Sisi wote tunajua."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia nje. Mke wa mzee alijifunika uso kwa leso. Mpiga kamera, rafiki yangu, mtu niliyemnunulia chai si chini ya mara elfu, alipiga meza kwa kiganja. Mimi nilikula kiazi.

Mzee alikuwa wa mwisho kunyamaza. Akajipangusa macho. "Hakuna mtu anaweza kukubali aibu kama hiyo kwa sababu ya uongo," akasema. "Nimeamini."

Nikainuka kuaga, akanizuia.

"Lakini mimi ni mmoja. Mke wangu sasa pia ameamini, tuko wawili. Hapa Mitaboni kuna kanisa, kuna soko, kuna watu wa kahawa. Wote waliona. Nikienda kula nyama kwa hiyo nyumba, nikirudi hakuna mtu atanisalimia kwa mkono. Mlisema kwa TV. Mkaseme kwa TV."

Njia yote ya kurudi mjini nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Bosi. Hayakunisaidia. Nilipofika niliyasema yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama.

Bosi alikuwa akikunja kebo. Aliendelea kuikunja. "Unajua umeua kipindi?"

"Najua."

"Na unajua mji mzima utajua wewe ni wa ngumbaru?"

"Najua."

"Na hiyo ya tochi?"

"Hiyo wanaweza kukosa kujua."

"Itajulikana," mpiga kamera akasema kutoka kwenye kona. Na kweli, tayari alikuwa ameshawaambia watu wa duka la ndoo.

Bosi aliitundika kebo msumarini. "Mimi nimepiga harusi miaka yote hii," akasema. "Nimepiga za mvua, za tope, za bwana harusi mlevi. Sijawahi kuvunja moja. Sitaanza sasa." Kisha akanipa misumari. "Kesho kutwa. Mwala. Saa saba na nusu."

Kipindi kile cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote, kwa sababu mama alikataa tuanze ndani. Alitufanya tupige mabati kwanza, kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka juu ya mwamba wa jirani. Yalipendeza, siwezi kudanganya. Kisha tukaingia, tukapigilia mablanketi yote, giza likawa lile lile, picha ikawa kijani, nami nikaketi kwenye kochi lile lile na kuanza kwa sauti yangu ile ya panya: "Ni usiku wa manane..." Hapo binti wa nyumba, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, akavuta blanketi la kwanza. Jua likaingia kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Akavuta la pili. La tatu. Watazamaji waliniona nimeketi pale na shati lililolowa, nikipepesa macho, uwanjani kuna mbuzi, jirani anaanika mahindi. Juu yetu mabati yakalia, ka! ka!, na binti akaelekeza kidole juu, akaiambia kamera, "Hiyo ndiyo pepo yenyu. Niliinunua kwa hadiweya, mabati na misumari."

Nami nikasema nilikokuwa nyakati zote zile za usiku. Nilitaja darasa, dawati, pembetatu. Sikutaja tochi. Bosi aliiandika hiyo ya tochi chini ya runinga kwa herufi nyekundu.

Ya baadaye niyaseme kwanza, ndipo nirudi kwa mbuzi. Tulitoa vipindi vitatu vingine, vya kuchunguza kelele za nyumba kwa ukweli: popo, tangi la maji, fisi aliyebainika kuwa jirani mwenye kikohozi. Hakuna aliyeangalia. Watu wakaniambia waziwazi, tulikupenda ukiogopa. Bosi akarudi kwa harusi akafanikiwa kuliko zamani, mimi nikarudi kwa panya huku nikimaliza kidato cha nne. Lakini nyayo za kipindi hazijafutika. Mpaka leo, kuanzia Mwala mpaka Kathiani, mabati yakilia mchana utasikia mtu akisema, "Kipindi kimeanza." Waendesha boda boda wananiita Mwanafunzi, na nimewahi kubebwa bure kwa jina hilo. Na darasa letu la jioni, lililokuwa na watu tisa, lilianza kupokea watu wazima wanaochungulia mlangoni na kuuliza kama hapa ndipo yule wa mapepo anaposomea. Fundi wa matangi. Mama wa mboga. Askari wa lango la hospitali, ambaye alisema kama mimi nimeweza kusema kwa runinga, yeye anaweza kusema kwa mkewe. Madawati hayakutosha. Mwalimu anadai nilimharibia kazi, kisha anacheka.

Sasa mbuzi.

Jumamosi ile wakwe walikuja. Mbuzi watatu, gari mbili, yule mzee karani akiwa mbele na koti lake. Lakini nilipofika, maana nilialikwa, niliona jambo ambalo halikunipendeza. Upande wa kijana walikuwa wamekuja na hema lao, na viti vyao, na walivipanga uwanjani mbali na nyumba, karibu na lango. Sababu waliyotoa ni hewa safi. Walisalimia wakiwa uwanjani. Waliomba wakiwa uwanjani. Walitoa hotuba ndefu kuhusu upendo wa koo mbili wakiwa hatua thelathini kutoka kwa mlango ambao hakuna mmoja wao aliyeuvuka. Mzee mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake. Aliamini, najua aliamini, lakini aliketi na watu wake. Mama alipita na sufuria mara nne, kitambaa kimenyooka kichwani. Sijawahi kuona sufuria ikibebwa kwa hasira nadhifu namna ile.

Mbuzi akachinjwa, nyama ikaiva. Kwetu, kabla ya kula, msichana huitwa mbele ya watu wote akaulizwa kama nyama hiyo iliwe. Akisema iliwe, amekubali. Akikataa, mbuzi walio hai wanarudi walikotoka na kila mtu anatafuta kofia yake. Kwa kawaida ni swali la kupita tu. Msichana anatabasamu, anasema kuleni, vigelegele.

Mjomba wake akamwita. Akaja akiwa na gauni la kitenge, mikono imeshikana mbele.

"Mama," mjomba akamwambia, kama tunavyowaita mabinti zetu kwa mapenzi, "hawa watu wametuletea mbuzi. Tule?"

Hakutabasamu. Aliwatazama wa kwao. Akawatazama wa Mitaboni, mmoja mmoja, chini ya hema lao. Kijana wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, na nilimwona akifungua kola. Hata mpiga kamera wetu, aliyekuja kurekodi, akashusha kamera, yeye ambaye hajawahi kuishusha hata kanisa lilipokuwa likivuja.

"Mle," akasema binti. Wanawake wakavuta pumzi ya vigelegele, lakini akainua mkono. "Mle mkiwa ndani ya nyumba."

Kijana ndiye aliyesimama kwanza. Aliinua kiti chake cha plastiki, akakibeba begani, akauvuka uwanja peke yake, akapita mlangoni bila kugeuka. Binti hakumfuata. Alibaki pale pale amesimama, akiwatazama waliobaki.

Mzee karani akavua kofia. "Leteni viti," akawaambia watu wake, akainama kidogo kwenye kizingiti, ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha, akaingia. Nyuma yake wakafuata mkewe, na shemeji, na wa kahawa, na wa kanisa, watu arobaini katika sebule ya watu kumi na watano, wakisukumana na kuombana radhi, mpaka mama akalazimika kupitisha sinia la nyama dirishani.